Nyumba Njema Si Mlango

Maneno kwa Mwislamu anayetaka kununua makazi ya watoto wake katika kijiji cha Uholanzi

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake majumba ya kutulia baada ya taabu za mchana. Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mola wetu anazitaja nyumba katika jumla ya neema alizotuneemesha, na neno alilolitumia ni sakan, yaani mahali pa utulivu. Katika asili hiyo hiyo ndiko lilikotoka neno letu la Kiswahili, maskani. Basi nyumba kwa Mwislamu si mawe na mapaa tu. Ni mahali ambapo moyo hutua. Naye Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Imam Ahmad, amehesabu makazi yenye wasaa, jirani mwema na kipando kizuri kuwa ni katika mambo yampayo mtu furaha.

Kwa ajili hiyo hapana lawama juu ya Mwislamu aishiye Ulaya, akiona vyumba vyake vya ghorofani vimekuwa vidogo, watoto wameongezeka, na mtaa umejaa kelele, akatamani nyumba yenye bustani mahali penye miti na hewa safi. Tamaa hiyo ni ya halali. Lakini wazee wetu walituusia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika makala haya twataka kumwonyesha ndugu msomaji ya kwamba utulivu anaoutafuta haumo katika majani mabichi ya kijiji. Umo katika njia atakayoipatia nyumba, katika jirani atakayekaa naye, na katika dini itakayokaa ndani ya nyumba hiyo. Akivipata vitatu hivi, hata nyumba ndogo itamtosha. Akivikosa, hata kasri litamdhiki.

WAISLAMU KATIKA NCHI YA WAHOLANZI

Nchi ya Uholanzi iliwapokea Waislamu mafungu mafungu. Mwaka 1951 waliletwa kwa meli askari wa Kimaluku waliokuwa wakilitumikia jeshi la Kiholanzi huko Indonesia, pamoja na wake zao na watoto wao, jumla yao kiasi cha watu 12,500. Wengi wao walikuwa Wakristo, lakini walikuwamo Waislamu pia, na hao kuanzia mwaka 1954 walikusanywa katika kambi ya Wyldemerk, karibu na kijiji cha Balk katika jimbo la Friesland. Huko, katikati ya malisho ya ng'ombe wa maziwa, walijenga msikiti wao wa mbao, wakasali humo mpaka kambi ilipofungwa mwaka 1969, nao wakahamia Ridderkerk na Waalwijk.

Kisha ikafuata mikataba ya vibarua: ya Uturuki mwaka 1964 na ya Morocco mwaka 1969. Suriname ilipopata uhuru mwaka 1975, maelfu ya watu wake walivuka bahari, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wenye asili ya Uhindi na ya Java. Katika miaka ya 1990 walikuja wakimbizi wengi wa Somalia, na wakaja pia jamaa wa Burundi na Kongo, baadhi yao wakisema Kiswahili hiki hiki tunachokiandika.

Wengi katika wageni hao walikaa mijini, katika Amsterdam, Rotterdam, The Hague na Utrecht, kwa kuwa kazi ilikuwa huko. Leo wajukuu wao ni waganga, walimu, mafundi na makarani, na baadhi yao wanao uwezo wa kununua. Wanapotazama nje ya mji wanaona vijiji. Na msomaji asidhani kuwa Mwislamu katika kijiji cha Kiholanzi ni jambo geni la leo; wale Wamaluku wa Wyldemerk walilitangulia zamani, tena katika baridi ya Friesland na ndani ya kambi.

KIJIJI CHENYEWE

Tuchukue mfano wa vijiji vya Doorn, Leersum na Amerongen, kusini mashariki ya mji wa Utrecht. Vimejengwa kandokando ya mgongo wa vilima vya mchanga uliosukumwa na barafu katika zama za kale, na kusini yake hupita tawi la mto Rhine. Msitu wa misonobari na miti mingine mikubwa huanza pale nyumba zinapokwisha, na sehemu kubwa ya msitu huo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2003. Watoto huenda shule kwa baiskeli. Usiku husikii ila upepo.

Msomaji wa Tanganyika ya zamani atapendezwa kujua kuwa aliwahi kununua nyumba hapo mtu ambaye babu zetu walimjua kwa sura. Kaisari Wilhelm wa Pili, yule ambaye kichwa chake kilipigwa chapa katika rupia za Wadachi wa Afrika Mashariki, alipokimbia nchi yake mwezi wa Novemba 1918 alipokewa Amerongen, na mwaka 1919 akanunua nyumba kubwa ya Doorn pamoja na bustani zake. Akahamia mwaka 1920, akaishi humo mpaka alipokufa mwaka 1941. Alikuwa na miti, na nafasi, na ukimya. Lakini aliyetawala nchi za mbali hakuikanyaga tena nchi yake mwenyewe. Basi miti peke yake si utulivu. Miti ni miti.

BEI, UCHUNGUZI NA HIARI YA SIKU TATU

Mwenye kuuza nyumba huko huweka dalali, ambaye Waholanzi humwita makelaar. Kazi ya dalali huyo ni kulinda maslaha ya muuzaji. Mnunuzi asimdhanie kuwa ni mshauri wake. Akitaka mshauri, amwajiri dalali wake mwenyewe na kumlipa. Mara nyingi wanunuzi huombwa waandike bei zao kwa siri, kila mmoja bila ya kujua mwenziwe ameandika nini, na wengi, kwa khofu ya kukosa, huandika zaidi ya bei iliyotangazwa. Haraka hapa haina baraka kabisa. Mtu apange mwisho wake nyumbani kwake, pamoja na mkewe, kabla ya kuingia katika mashindano. Wala asiupite mwisho huo kwa sababu ya wivu juu ya mtu asiyemjua.

Mwaka 2024 wastani wa bei ya nyumba iliyokwisha kaliwa ulipita kidogo euro 450,000. Bei itangazwayo mara nyingi hufuatwa na herufi k.k., maana yake gharama za uhawilisho zi juu ya mnunuzi. Gharama hizo ni mshahara wa notaris, ambaye ni mwanasharia aandikaye hati za milki, na kodi ya serikali. Kodi hiyo ni asilimia 2 kwa anayenunua nyumba ya kukaa mwenyewe. Tangu mwaka 2021, mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35 husamehewa kodi hii mara moja katika umri wake, madhali bei haikuzidi kiwango kilichowekwa. Kwa mwaka 2026 kiwango hicho ni euro 555,000. Na milki haihamii kwa maneno wala kwa funguo, bali kwa hati ya notaris kuandikishwa katika daftari la serikali la ardhi, liitwalo Kadaster, ambalo limekuwako tangu mwaka 1832. Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Waholanzi wameufanya usemi huo kuwa sharia.

Jambo moja la sharia yao litamfurahisha Mwislamu. Anayenunua nyumba ya kukaa mwenyewe, akisha pokea nakala ya mkataba uliotiwa saini, ana siku tatu za kufikiri upya, na katika siku hizo aweza kujitoa bila ya kutaja sababu na bila ya kutozwa kitu. Sisi tunalo jambo la namna hiyo katika mlango wa khiyari. Imepokewa kuwa Sahaba mmoja aliyekuwa akihadaiwa katika biashara aliambiwa na Mtume (S.A.W.) ashartie kutohadaiwa, na akapewa hiari ya siku tatu katika kila alichokinunua. Basi siku tatu hizo zisipite kwa shangwe. Zitumiwe kwa kuswali Istikhara, kushauriana na wenye ujuzi, na kusoma mkataba neno kwa neno. Na kabla ya saini, mnunuzi adai iandikwe sharti kuwa mkataba utavunjika ikiwa fedha hazikupatikana au uchunguzi ukaonyesha ubovu mkubwa. Kwani baada ya siku tatu, asiye na sharti hilo na akashindwa kutimiza, kwa desturi hutozwa fidia ya asilimia 10 ya bei.

Kuhusu ubovu, muuzaji yampasa aeleze aibu za nyumba anazozijua, na mnunuzi naye yampasa achunguze. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, ametufunza kwamba wauzianao wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo baraka ya biashara yao hufutwa. Basi mnunuzi amlete fundi wa kukagua. Kiasi cha robo ya nchi ile iko chini ya usawa wa bahari, na katika majimbo ya magharibi na kaskazini, penye udongo laini, nyumba nyingi za zamani zimesimama juu ya nguzo za mti zilizozikwa ardhini. Maji ya ardhini yakishuka, nguzo hizo huoza na nyumba ikainama. Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1994 yaweza kuwa na vitu vya asbesto, ambavyo vumbi lake hudhuru mapafu. Na kila nyumba iuzwayo hupewa cheti chenye herufi za kuonyesha namna inavyohifadhi joto. Asiyetazama herufi hiyo wakati wa kiangazi ataikumbuka mwezi wa Januari.

FEDHA, NA MTIHANI WA RIBA

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa, wala hatutaki kuupita kwa kufumba macho. Wengi wanunuao nyumba Uholanzi hukopa benki fedha nyingi, na kwa desturi mkopo huo hulipwa kwa muda wa miaka 30 pamoja na riba. Tupige hesabu kwa mfano. Mtu akikopa euro 400,000 kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, akalipa kiasi kile kile kila mwezi kwa miaka 30, atalipa kiasi cha euro 1,910 kwa mwezi, na jumla yake yote ni kiasi cha euro 687,000. Yaani juu ya deni lake ametoa euro 287,000. Waswahili wamesema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Uharamu wa riba ni jambo lililo wazi katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Sura Al-Baqara, aya za 275 mpaka 279, Mola wetu amehalalisha biashara na kuharimisha riba, na hakuna dhambi nyingi zilizotolewa onyo zito kama hilo. Lakini je, mkaazi wa Ulaya asiyekuwa na njia nyingine ahukumiwe vipi? Maulamaa wa zama zetu wamekhitalifiana. Majmaa ya Fiqhi iliyokaa Jeddah mwaka 1990 haikuruhusu mkopo wa riba kwa ajili ya nyumba, ikahimiza njia nyingine zilizo halali. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, katika kikao chake cha mwaka 1999, liliruhusu kwa msingi wa haja, lakini kwa masharti: nyumba iwe ya kukaa mnunuzi na ahali zake, asiwe na nyumba nyingine ya kumtosha, asiwe na mali ya ziada ya kuinunulia kwa njia nyingine, na pasipatikane njia ya halali. Maulamaa wengine waliipinga fatwa hiyo, wakisema kuwa mwenye kuweza kupanga hajafikia haja ya kuhalalisha haramu.

Sisi hatutoi fatwa katika makala haya. Twasema tu kwamba watu wengi huikumbuka ruhusa na kuyasahau masharti yake. Aliye na nyumba ya kupanga ya kutosha, akataka kubwa zaidi kwa ajili ya bustani na fahari, huyo asijifiche nyuma ya fatwa iliyotolewa kwa mwenye dhiki. Zaidi ya robo ya nyumba zote za Uholanzi ni za kupanga kutoka kwa mashirika ya nyumba, kwa kodi nafuu na kwa masharti ya kipato. Ni kweli kuwa katika sehemu nyingi mtu hungoja miaka mingi mpaka afikiwe na zamu. Lakini kupanga si aibu, wala dini haikumwajibisha mtu kufa akimiliki paa. Na mwenye kuona kuwa amefikia dhiki ya kweli, amwendee mwanachuoni mcha Mungu amjuaye, amweleze hali yake yote bila ya kuficha, kisha amwulize.

Na njia za halali zitafutwe kwanza kwa bidii ile ile ambayo kwayo mtu hutafuta benki. Ziko familia ambazo ndugu wanne au watano huweka pamoja kila mwezi, wakamnunulia mmoja, kisha akafuata mwingine, kama tufanyavyo sisi katika upatu. Yuko baba awezaye kumkopesha mwanawe kwa karadha njema. Mkopo kama huo uandikwe na ushuhudiwe, kama ilivyoamrishwa katika Al-Baqara aya ya 282. Na mshauri wa kodi aulizwe, kwani sharia ya huko huweza kuuhesabu mkopo usio na riba kuwa una zawadi ndani yake. Wako pia wanunuao nyumba ndogo mbali na mji mkubwa kwa fedha walizoziweka miaka kumi.

Ama ile njia ya taasisi kuinunua nyumba kisha kumwuzia mtu kwa faida, ijulikanayo kama murabaha, ina kizuizi cha kodi. Asiyenunua kwa kukaa mwenyewe alitozwa asilimia 10.4 katika miaka ya 2023 mpaka 2025, na kwa nyumba za makazi asilimia hiyo imekuwa 8 tangu mwaka 2026. Uingereza ilipokutana na uzito wa kodi kutozwa mara mbili katika mauzo kama hayo, iliurekebisha kwa sharia mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikafunguliwa benki ya Kiislamu. Hilo laonyesha kuwa mlango hufunguliwa na wanaoubisha kwa umoja wao, wala haufunguliwi na mmoja mmoja anayelalamika sebuleni kwake.

Na neno moja juu ya hati. Kwa sharia ya Kiholanzi ya tangu mwaka 2018, mali wanayoichuma mume na mke ndani ya ndoa huwa ya wote wawili, na walivyokuwa navyo kabla hubaki kila mmoja na chake, isipokuwa wakiandikiana vingine. Na mmoja wao akifa bila ya wasia, sharia huko haigawi kwa mafungu ya mirathi tuyajuayo. Basi siku ile ile ya kwenda kwa notaris, mtu amwulize pia habari ya wasia. Nyumba iliyonunuliwa kwa jasho isije ikawa chanzo cha ndugu kutosemezana.

JIRANI KABLA YA NYUMBA

Waarabu husema: tafuta jirani kabla ya nyumba. Waholanzi nao wana msemo wao kwamba jirani mwema ni bora kuliko rafiki wa mbali. Na Mtume wetu (S.A.W.), katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, ametueleza kuwa Jibrili (A.S.) alizidi kumwusia juu ya jirani hata akadhani kuwa atamfanya mrithi.

Tazama namna Masahaba walivyoupima ujirani kwa fedha. Imam Bukhari amepokea kuwa Abu Rafi' alikuwa na vyumba viwili katika eneo la Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.). Akamtaka avinunue. Sa'd akasema kuwa hatatoa zaidi ya elfu nne, tena kwa vifungu. Abu Rafi' alikuwa amekwisha pewa na mtu mwingine dinari mia tano. Lakini kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, aliiacha bei kubwa akampa Sa'd kwa ile ndogo. Katika zama hizi za kushindana kwa bei za siri, kisa hiki kinatufunza kuwa iko thamani isiyoandikwa katika tangazo la dalali.

Basi Mwislamu akitaka kununua kijijini, auendee mtaa mara kadhaa kabla ya kuandika bei: asubuhi, jioni, na siku ya Jumapili. Awaamkie watu, aone wanavyoitika. Pengine atakutana na jicho la shaka, kwani katika mtaa mzima huenda ikawa yeye ndiye Mwislamu wa kwanza kukaa, na wamezisikia khabari za Waislamu kabla ya kumwona Mwislamu. Dawa ya shaka hiyo si hoja, ni tabia. Imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kuwa Abdullah bin Amr (R.A.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo alilolikariri kuuliza ni kama amekwisha pelekewa jirani yake Myahudi. Naye Abu Dharr (R.A.) aliusiwa na Mtume azidishe maji katika mchuzi wake ili apate wa kuwapa majirani. Sahani ya sambusa ipelekwayo mlango wa pili siku ya Idi itafanya kazi ambayo vitabu kumi havitaifanya.

Na haki ya jirani haikomei katika kutoa. Iko pia katika kujizuia. Katika vijiji vingi vya ukanda wa Waprotestanti washika dini, unaoikata nchi kutoka Zeeland mpaka Overijssel, siku ya Jumapili watu hawakati majani kwa mashine wala hawaoshi magari. Mwislamu hakulazimishwa kuitukuza Jumapili. Lakini kuacha mashine yake mpaka Jumatatu ni ihsani, na sisi tunaopenda wenzetu watuheshimu Ijumaa yetu ndio wa kwanza kuijua maana yake. Vivyo hivyo pipa la taka litolewe siku yake na lirudishwe, na njia ya watu isizibwe kwa gari. Kwani kuondosha chenye kudhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani.

Sharia yao ya ujirani nayo ijulikane. Mti, ila pawe na kanuni nyingine ya mahali hapo, haupandwi chini ya meta 2 kutoka mpaka wa jirani, na ua wa mimea haupandwi chini ya nusu meta. Dirisha la kumwangalia jirani moja kwa moja haliwekwi chini ya meta 2 kutoka mpaka bila ya idhini yake. Hili la dirisha litawafurahisha wanaojali sitara, kwani mafakihi wetu nao wamekataza kumchungulia jirani. Lakini Waholanzi wengi wana desturi ya kuacha mapazia wazi jioni, taa zikiwaka, mpita njia akaona mpaka mezani. Mwislamu ateremshe macho yake apitapo, na kwake aweke pazia jepesi linalopitisha mwanga na kuzuia macho. Sitara haikutaka mtu ajifungie kama aliye ngomeni. Nyumba iliyozibwa pande zote hutia shaka ile ile tunayotaka kuiondosha.

Itatokea mtaa ukafanya karamu, na pombe ikawa mezani. Asikae katika meza hiyo. Lakini asiwe mtu wa kukataa tu kila mwaka. Yeye naye awaalike kwake kwa chai, maandazi na mahamri, na ajibu kwa upole wanapouliza. Wengi katika hao hawajapata kuingia nyumba ya Mwislamu umri wao wote.

DINI YA WATOTO NDANI YA NYUMBA

Sasa tufike kwenye lile ambalo kwa ajili yake nyumba hununuliwa, nalo ni watoto. Katika mji mkubwa mtoto husikia Bismillahi kwa jirani, humwona mzee akienda msikitini, na huwa na wenzake darasani wanaofunga. Kijijini huenda binti yako akawa peke yake aliyevaa ushungi katika shule nzima. Mzazi asipolifikiri hilo mapema, mtoto atalifikiri peke yake, na pengine atalimaliza kwa kuuvua.

Sharia ya Uholanzi, kwa kifungu cha 23 cha katiba kilichorekebishwa mwaka 1917, huzipa shule za dini fedha sawa na za serikali, na kwa sababu hiyo shule za msingi za Kiislamu zilifunguliwa kuanzia mwaka 1988, katika Rotterdam na Eindhoven. Lakini shule hizo ziko zaidi mijini. Shule za vijijini kwa kawaida ni za serikali au za Kikristo. Watoto wengi huanza wakiwa na miaka minne, na kutoka miaka mitano ni lazima. Basi mzazi amwendee mwalimu mkuu kabla ya kununua nyumba, azungumze naye juu ya chakula, swala, mavazi na siku za Idi. Jibu la mwalimu huyo ni muhimu kuliko idadi ya vyumba.

Msikiti nao upimwe kwa masafa. Kwa mkaazi wa Amerongen misikiti iliyo karibu iko Veenendaal, mwendo wa baiskeli wa kiasi cha nusu saa. Mwisho wa Juni jua huko huzama karibu na saa nne za usiku, na Isha huchelewa sana. Mwisho wa Desemba huzama kiasi cha saa kumi na nusu, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kwa karibu. Asiyeweza kwenda kila swala asikate tamaa. Banu Salima, kabila la Madina lililokaa mbali na msikiti, walitaka kuhamia karibu, Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imam Muslim, akawaambia wabaki makwao, kwani nyayo zao zaandikwa. Hadithi hii ni faraja kwa wa mbali, lakini ni hoja pia juu yao, kwani nyayo haziandikwi kwa asiyezinyanyua.

Kwa hiyo mwenye kununua nyumba kijijini ajue kuwa ananunua na kazi ya mwalimu wa madrasa. Chumba kimoja, hata kama ni pembe ya sebule, kitengwe kwa swala. Baba aadhini, mama na watoto wapange safu. Siku moja katika juma watoto wapelekwe msikitini mjini wawaone wenzao. Na familia mbili au tatu za Kiislamu zikinunua katika vijiji jirani, na wapate kualikana, mtoto hatajiona kisiwa. Kwa vijiji vya mabonde na vilivyo kando ya mifereji, iongezwe na hili: watoto wafundishwe kuogelea mapema, kama wafanyavyo Waholanzi, kwani mfereji wa maji uko hatua chache na mlango.

Ndugu msomaji, hatukuyaandika haya ili kumvunja moyo anayetaka nyumba. Kama fedha yako ni safi, jirani umemjua, na umejitwisha malezi ya wanao, basi nunua, na Mwenyezi Mungu akubarikie bustani yako na kivuli chake. Kama moja katika hayo halijatimia, subiri. Nyumba ziko nyingi, na nyingine zitauzwa mwakani. Lakini mtoto hukua mara moja, na deni la haramu humfuata mtu hata pale asipofuatwa na nyumba yake.

Ewe Mola wetu, tupe makazi yenye baraka, majirani wema, na watoto watakaokuwa kiburudisho cha macho yetu. Amin.